Wanaopandisha Timu: Fred Felix Minziro na Ufundi wa Ukocha Katika Ukanda wa Dhahabu na Almasi

Ukocha wa mpira wa miguu hufanana kwa nje na uchezaji wake, kwa sababu kazi zote mbili hufanyika kwenye uwanja uleule na kwa lugha ileile ya mazoezini, lakini kwa undani ni fani mbili ambazo mahitaji yake hupishana na, katika baadhi ya mambo, hukinzana. Mchezaji hujulikana kwa kile ambacho mwili wake unaweza kufanya ndani ya dakika 90, ilhali kocha hujulikana kwa kile ambacho watu wengine watafanya wakati yeye amesimama katika eneo lililochorwa mistari pembeni mwa uwanja, haruhusiwi kulivuka wala kuucheza mpira. Beki aliyezoea kuiondoa hatari kwa mguu wake mwenyewe, akishakuwa kocha, huiona hatari ileile ikija, huijua dawa yake, na bado hana la kufanya isipokuwa lile alilokwisha kulifundisha siku nyingi kabla. Ufundi wa kocha umo katika wiki na miezi inayotangulia mechi, ambayo mtazamaji haioni, na ndiyo maana sifa zake ni ngumu kuandikwa na rahisi kusahauliwa.

Dunia ina mifano ya watu walioimudu kazi hiyo baada ya kuimaliza ile ya kwanza. Mahmoud El Gohary wa Misri alitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa mchezaji mwaka 1959, kisha akalitwaa tena akiwa kocha mwaka 1998, na Aliou Cissé wa Senegal, nahodha aliyekosa penalti katika fainali ya mwaka 2002, alirudi miaka 20 baadaye akiwa kocha na kuipa nchi yake kombe hilo kwa mara ya kwanza. Huko Vietnam, Lê Huỳnh Đức, mshambuliaji aliyeshinda mara tatu tuzo ya mchezaji bora wa nchi hiyo, aliiongoza klabu ya SHB Đà Nẵng kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 2009 na tena mwaka 2012. Hata hivyo, jina la kocha ambalo mashabiki wa nje walilihusisha zaidi na kandanda ya Vietnam katika miaka iliyofuata ni la Mkorea Park Hang-seo, aliyekabidhiwa timu ya taifa mwaka 2017. Park aliifanya kazi yake vizuri, na mafanikio yake hayana doa. Lakini mpangilio huo, ambao mzawa hujenga mpira wa ndani mwaka hadi mwaka na mgeni huletwa siku jukwaa linapowashwa taa, unajulikana vilevile katika nchi ambayo Kiswahili ndiyo lugha ya uwanjani.

Katika Tanzania, mkongwe wa njia hii ni Abdallah Kibadeni, ambaye tarehe 19 Julai 1977 aliifungia klabu ya Simba mabao matatu katika ushindi wa mabao 6–0 dhidi ya mahasimu wake Yanga, na ambaye mwaka 1993, akiwa kocha, aliifikisha Simba hiyohiyo katika fainali ya Kombe la CAF, mashindano ya klabu za Afrika ya wakati huo. Simba ilitoka sare ya 0–0 na Stella ya Ivory Coast mjini Abidjan kisha ikafungwa 2–0 jijini Dar es Salaam. Matokeo ya mechi ya marudiano yaliumiza nchi nzima, na maumivu hayo yalilifunika jambo lililostahili kutazamwa kwa utulivu: kwamba Mtanzania aliyekuwa amefunga mabao katika viwanja vya nchi yake alikuwa ameiandaa timu ya Watanzania hadi hatua ambayo klabu ya nchi hiyo haikuifikia tena kwa takriban miaka 30, mpaka Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 ikiwa chini ya kocha kutoka Tunisia.

Kibadeni, hata hivyo, alifanya kazi katika klabu kubwa, yenye mashabiki kila wilaya. Ufundi unaosifiwa hapa ni mwingine, nao unaonekana waziwazi zaidi ukitazamwa kutoka Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, kuliko ukitazamwa kutoka Kariakoo, eneo la Dar es Salaam lenye makao ya Simba na Yanga. Kishapu ni nchi ya pamba, mtama na mifugo, na ndani ya mipaka yake umo Mwadui, mji uliozaliwa na mgodi wa almasi ambao Mkanada John Williamson aliugundua mwaka 1940. Magharibi yake, mbele ya Kahama, unaanza ukanda wa dhahabu unaofika Geita. Katika eneo hili mpira wa vijijini huenda na kalenda ya shamba: mechi za ushindani huchangamka kiangazi, pamba ikishavunwa na mashamba yakiwa wazi, na zawadi ya bingwa mara nyingi ni mbuzi au ng'ombe, ambaye huchinjwa siku ileile na kuliwa na washindi pamoja na waliowashangilia. Klabu kubwa za ukanda huu nazo hubeba chapa ya kazi za watu wake. Stand United, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2014, ilitokana na watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga, makondakta na wapiga debe wake. Geita Gold ni timu ya halmashauri ya mji iliyopata udhamini wa mgodi. Na Mwadui FC iliishi chini ya kivuli cha almasi.

Mwadui ndiyo iliyowafundisha watu wa Kishapu, kwa karibu zaidi kuliko timu nyingine yoyote, kocha anaweza kufanya nini. Timu hiyo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2015 ikiongozwa na Jamhuri Kihwelo, maarufu kwa jina la Julio, beki wa zamani wa Simba ambaye sauti yake pembeni mwa uwanja ilijulikana kama ilivyojulikana kazi yake ya ulinzi alipokuwa akicheza. Kwa misimu sita, kuanzia 2015/16 hadi 2020/21, wilaya ambayo wengi nchini hawangeweza kuionyesha kwenye ramani ilikuwa na timu katika daraja la juu kabisa, na Simba na Yanga walilazimika kuja kucheza katika mkoa wa Shinyanga kila msimu. Julio mwenyewe aliondoka mwaka 2016, akiwa na malalamiko dhidi ya uamuzi wa waamuzi, na baadaye akafundisha timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 20. Alama aliyoiacha Kishapu haikufutika kwa kuondoka kwake, kwa sababu mtoto aliyemwona Mbwana Samatta au Simon Msuva wa timu ya taifa kwenye televisheni tu hawezi kuwa na picha ya mpira iliyo sawa na ya mtoto aliyewaona wachezaji wa Ligi Kuu wakishuka kwenye basi karibu na kwao.

Fred Felix Minziro ameifanya kazi ya namna hii mara nyingi kuliko wengi wa wenzake, na kwa hiyo anafaa kutazamwa kwa kirefu. Alikuwa beki wa Yanga katika miaka ya 1980, enzi ambayo mchezaji wa Tanzania alicheza kwa jina na posho kuliko kwa mshahara, na ambayo beki alihukumiwa kwa makosa yake zaidi kuliko kwa mazuri yake. Baada ya kucheza aliingia katika ukocha kwa mlango ambao wazawa wengi hupitia, yaani nafasi ya kocha msaidizi, mtu anayefanya kazi ya mazoezi ya kila siku chini ya kocha mkuu na kumtafsiria mgeni si lugha tu, bali pia tabia za wachezaji, uzito wa mechi na hali ya klabu. Alikuwa msaidizi wa Mbelgiji Tom Saintfiet Yanga ilipotwaa Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2012, na akaendelea kuwa msaidizi wa Mholanzi Ernie Brandts klabu hiyo ilipotwaa ubingwa wa ligi katika msimu wa 2012/13. Mwishoni mwa mwaka 2013 benchi la ufundi, yaani kundi zima la makocha na wasaidizi wao, lilivunjwa, na Minziro akaenda kujitafutia njia yake, akaifundisha JKT Ruvu, kisha akashuka kwenye madaraja ya chini.

Huko chini ndiko alikojengea jina. Mwaka 2017 aliipandisha Singida United. Mwaka 2018 aliipandisha KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni. Mwaka 2021 aliipandisha Geita Gold. Kupanda daraja, kwa asiyefuatilia, ni kumaliza msimu katika nafasi za juu za ligi ya pili kwa ukubwa, ambayo zamani iliitwa Ligi Daraja la Kwanza na tangu msimu wa 2021/22 inaitwa Championship, na hivyo kupata haki ya kucheza Ligi Kuu msimu unaofuata. Kufanya hivyo mara moja kunaweza kuelezwa kwa bahati au kwa fedha za mfadhili. Kufanya hivyo mara tatu, katika miji mitatu isiyofanana, chini ya wamiliki watatu tofauti na ndani ya miaka mitano, hakuna maelezo mengine yanayotosha isipokuwa ufundi.

Ufundi huo una sehemu zake, nazo zinastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ndizo kiini cha jambo lote. Kocha wa Ligi Kuu mwenye klabu tajiri huchagua wachezaji kutoka orodha ya watu waliokwisha kuonekana. Kocha wa daraja la chini huchagua kutoka makundi mawili ambayo yote yana kasoro. Kundi la kwanza ni la wachezaji waliowahi kufika juu wakaachwa, wenye uzoefu lakini wenye magoti yaliyochoka au mioyo iliyovunjika. Kundi la pili ni la vijana kutoka mechi za ndondo, yaani mashindano ya mitaani yasiyo ya ligi rasmi, ambao wana nguvu na kipaji lakini hawajawahi kufundishwa kukaa katika nafasi, kumwachia mwenzao mpira mapema, au kujilinda wakati timu imeshinda bao moja na zimebaki dakika kumi. Kocha hulazimika kuyachanganya makundi haya mawili kwa namna ambayo mkongwe hatamdharau kijana wala kijana hatamkimbiza mkongwe hadi aaibike, na uchanganyaji huo haufundishwi katika kozi yoyote ya ukocha. Hujifunzwa na mtu ambaye amewahi kuwa kijana katika timu ya wakubwa, kisha akawa mkubwa katika timu ya vijana.

Sehemu ya pili ni ile ya uwanja wenyewe. Viwanja vingi vya ligi ya pili ni vigumu wakati wa kiangazi na vina matope wakati wa masika, na nyasi zake haziruhusu mpira wa pasi fupifupi unaosifiwa katika televisheni. Timu inayolazimisha mpira huo katika uwanja wa Nyankumbu mjini Geita au Kambarage mjini Shinyanga kwa sababu tu ndio unaopendeza hupoteza pointi ambazo hazirudi. Kocha mwenye busara hujenga kwanza ukuta wa nyuma, hufundisha namna ya kuupokea mpira unaodunda vibaya, na huitumia sana mipira ya kutenga, yaani ile inayoanzishwa upya mchezo ukiwa umesimama, kama vile kona na faulo, kwa kuwa kona ni ileile kwenye uwanja mzuri na mbaya. Hapa ndipo historia ya Minziro kama beki inapokuwa na maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mshambuliaji akigeuka kuwa kocha mara nyingi huwaza timu itafungaje. Beki huwaza kwanza timu itafungwaje, na katika ligi ambayo mechi nyingi huamuliwa kwa bao moja, woga huo wa kitaalamu una thamani ya nafasi kadhaa kwenye msimamo.

Sehemu ya tatu haina uhusiano na mpira kwa macho ya haraka. Timu ya daraja la chini husafiri kwa basi usiku kucha kutoka mkoa hadi mkoa, hufika mchana, hucheza kesho yake na kurudi, mishahara huchelewa, na mchezaji aliyeacha familia nyumbani hupigiwa simu ya mtoto mgonjwa saa mbili kabla ya mechi. Kocha huwa mzee wa familia hiyo, hukopa, huomba, hutuliza, na asubuhi inayofuata huwa mkali kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuna pia yale ambayo Watanzania huyaita mambo ya nje ya uwanja, msemo unaokusanya kila kitu kuanzia imani za ushirikina hadi upangaji wa matokeo, yaani makubaliano ya siri kuhusu nani ashinde na kwa mabao mangapi. Anayeahidi kuipandisha timu kwa njia hizo huwa hakosekani. Anayeipandisha kwa mazoezi huwa adimu zaidi.

Geita ilijifunza tofauti hiyo kwa gharama kubwa. Mwaka 2016, katika siku ya mwisho ya mechi za Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, timu ya Geita ilishinda 8–0 dhidi ya JKT Kanembwa na Polisi Tabora ikashinda 7–0 dhidi ya JKT Oljoro, timu mbili zilizoshinda zikiwa zinashindania nafasi moja ya kupanda. Kamati ya Nidhamu ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, iliona kwamba matokeo hayo yalipangwa, ikazishusha madaraja timu zote nne, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Mji wenye mmoja wa migodi mikubwa ya dhahabu barani Afrika ulibaki na timu iliyoadhibiwa na jina lililochafuka. Iliporudi na kukaribia tena Ligi Kuu, ilikwama mwaka 2019 katika mechi za mchujo, ambazo timu za mkiani mwa Ligi Kuu hukutana na timu za juu za ligi iliyo chini yake, na iliyoizuia ni Mwadui ya Kishapu. Mwaka 2020 ilikwama tena katika mchujo, safari hii mbele ya Mbeya City. Klabu iliyokwama mara mbili mlangoni huwa na ugonjwa wake. Wachezaji huanza kuamini kwamba mlango huo haukuumbwa kwa ajili yao.

Msimu wa 2020/21 Minziro aliiondoa Geita katika hofu ya mchujo kwa kuipandisha moja kwa moja, pamoja na Mbeya Kwanza. Bila hongo na bila mechi ya mabao nane, timu iliyokuwa imeanguka kwa aibu ilipanda kwa hesabu ya kawaida ya pointi. Hilo peke yake lingetosha kumpa nafasi katika historia ya mpira wa Kanda ya Ziwa. Lakini klabu ilipoingia Ligi Kuu, kazi ya kocha mkuu ilikabidhiwa Étienne Ndayiragije wa Burundi, mtu mwenye rekodi nzuri ambaye aliwahi kuifundisha Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, na ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameipokea pia KMC baada ya Minziro kuipandisha. Singida United nayo, mwaka 2017, ilikuwa imemchukua Mholanzi Hans van der Pluijm mara tu ilipofika juu. Katika vijiji vya Kishapu jambo la namna hii lina picha yake: mkulima aliyelima, akapanda, akapalilia na kupiga dawa, halafu siku ya kupima pamba kwenye mizani jina linaloandikwa kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika likawa la mtu mwingine.

Safari ya Ndayiragije Geita ilikuwa fupi. Mechi za mwanzo za msimu wa 2021/22 zilikwenda vibaya, klabu ikaachana naye kabla ya mwaka kwisha, na Minziro akarudishwa kuiokoa timu aliyoijua kila kona. Kilichofuata kilivuka wokovu. Geita Gold, katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, ilimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam tu, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, bao moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, ambaye alichezea timu iliyomaliza msimu huo bila kufungwa mechi hata moja. Takwimu hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyosomeka. Mayele alikuwa akihudumiwa na viungo bora kuliko wote nchini; Mpole alihudumiwa na timu iliyokuwa imepanda miezi michache tu kabla. Mshambuliaji wa timu ndogo hafungi mabao 17 kwa kipaji chake peke yake. Hufunga kwa sababu mtu mwingine amepanga jinsi timu itakavyoupata mpira, utafikaje mbele kwa haraka, na nani atakuwa wapi utakapofika, na beki wa zamani aliyetumia ujana wake kuwazuia washambuliaji ndiye anayejua kuliko wengi ni mpira wa namna gani uliokuwa ukimsumbua.

Safari ya Afrika haikuwa ndefu, kwani Geita iliondolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Minziro aliondoka mwaka 2023, na mwisho wa msimu wa 2023/24 Geita Gold ilishuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Haitakuwa haki kusema ilishuka kwa sababu yeye hakuwapo, kwa maana timu hushuka kwa sababu nyingi, zikiwemo za fedha na usajili. Ila ni haki kusema kwamba klabu nyingi za ukanda huu huthamini tukio la kupanda kuliko kazi iliyolileta, na hivyo huwa hazijui zitunze nini zinapofika juu. Mwadui ilishuka mwaka 2021 na Stand United mwaka 2019. Kila moja ilipopanda ilipokewa kwa shangwe na magari yaliyopiga honi, na kila moja ilipoporomoka hapakuwa na kitabu, jalada wala mtu aliyepewa jukumu la kueleza jinsi kupanda kulivyofanyika, ili kurudiwe.

Kuhusu makocha wa kigeni, lazima pasemwe ukweli bila kujipendelea. Nasreddine Nabi, yule kocha kutoka Tunisia, aliibadilisha Yanga, Pluijm aliacha wanafunzi wengi, na James Siang'a, mlinda mlango wa zamani wa Harambee Stars ya Kenya, ndiye aliyekuwa kocha wa Simba ilipoitoa Zamalek ya Misri mwaka 2003, ushindi ambao bado unasimuliwa. Mpira ni elimu, na elimu haina pasipoti. Kasoro iko katika mgawanyo wa imani: mzawa huaminiwa wakati wa hatari, na mgeni wakati wa neema. Juma Mgunda, aliyekuwa mshambuliaji wa Coastal Union iliyotwaa ubingwa mwaka 1988, aliitwa Simba kama kocha wa muda mwezi Septemba 2022, akaiondoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, akaifunga Primeiro de Agosto 3–1 mjini Luanda na kuiingiza timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwezi Januari 2023 akaletwa Mbrazili Roberto Oliveira, na Mgunda akawa msaidizi. Mwaka 2024 aliitwa tena kuziba pengo, na msimu ulipokwisha akaja kocha mwingine kutoka nje. Alilitumikia jukumu hilo mara zote mbili kwa adabu ambayo wachezaji wake waliiona, na adabu hiyo, katika kazi inayojaa majivuno, ni sehemu ya ufundi.

Minziro aliendelea na kazi. Mwezi Oktoba 2024 aliitwa na Pamba Jiji ya Mwanza, klabu kongwe iliyokuwa imerudi Ligi Kuu baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20 na ambayo ilianza msimu kwa kusuasua chini ya Mserbia Goran Kopunović. Klabu yenye jina la zao linalolimwa Kishapu ilibaki Ligi Kuu mwisho wa msimu huo. Hapakuwa na kombe la kuonyesha wala msafara barabarani, kwa maana kunusurika hakuna sherehe, lakini wanaouelewa mchezo wanajua kwamba kuikuta timu imekwisha kupoteza imani na kuifundisha tena kupata sare ugenini ni kazi ngumu kuliko kuiongoza timu inayoshinda.

Leseni za ukocha za Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, CAF, huanzia ngazi ya D, inayomruhusu mtu kufundisha watoto na timu za chini, hadi A na ile ya juu zaidi ya wataalamu, na timu ya Ligi Kuu haiwezi kusajili kocha mkuu asiye na leseni ya ngazi ya juu. Kwa kijana aliyestaafu kucheza Mhunze au Maganzo, ngazi ya kwanza iko mbali kwa nauli na kwa ada kabla haijawa mbali kwa elimu. Chama cha mpira cha mkoa wa Shinyanga, Halmashauri ya Kishapu na makampuni ya migodi ambayo kila mwaka hununua jezi na mipira kwa ajili ya mashindano ya vijana wangefanya jambo kubwa zaidi kama sehemu ya fedha hiyo ingelipia kozi ya leseni D inayofanyika wilayani, ikifundishwa na watu wa aina ya Minziro na Julio wakiwa bado na nguvu za kusimama uwanjani. Na klabu yoyote ya ukanda huu itakayopanda tena iandike katika mkataba, kabla msimu haujaanza, kwamba kocha aliyeipandisha ataiongoza Ligi Kuu angalau hadi mzunguko wa kwanza ukamilike, kisha ahukumiwe kwa pointi zake kama anavyohukumiwa mgeni.